Subiri Ila

Wenzangu mliobaki kazini mliniomba niwaandikie kitu kuhusu kuruka chini, yaani kurusha ndege karibu na ardhi. Mlitaka ukurasa mmoja wa kubandika ukutani pale ofisini Kibondo, karibu na chupa ya chai. Nimejaribu ukurasa mmoja, nimeshindwa. Mambo mengine hayabandikiki. Basi someni hivi hivi, na atakayechoka katikati aende akanywe chai, ila arudi.

Jina langu Halima mnalijua, lakini kwa watu wa Kitanga na Nyakitonto mimi ni Mama Ndege, na sitegemei kuitwa vingine mpaka nazikwa. Kwetu ni Kondoa. Nilipopangiwa kuja huku kurusha ndege za huduma ya afya, shangazi yangu aliuliza, "Huko Kigoma si kuna ziwa? Wewe kuogelea unajua?" Nikamwambia ninakokwenda ni milimani, ziwa liko mbali. Akasema afadhali, maana mlima haumezi mtu. Shangazi alikuwa mwanamke mwenye busara, sema hakuwahi kurusha ndege.

Ya mishahara na vyeo nayaacha. Yalichelewa yote mawili na hayana funzo. Nitaanza na asubuhi ya kwanza.

Mwalimu wangu alikuwa Kapteni Mbwambo, Mpare aliyebania hata maneno. Nilimkuta uwanjani Kibondo amepiga magoti chini ya bawa, anachungulia matone ya mafuta kwenye kichupa. Ndege ilikuwa ile ile mnayoijua, injini moja, viti sita, mlango wa nyuma unaofungwa kwa kubembelezwa.

"Shikamoo, Kapteni."

"Marahaba. Una macho?"

"Ninayo."

"Tutaona," akasema, akarudi kwenye kichupa chake.

Safari ilikuwa ya kupeleka chanjo Kitanga. Kabla ya kuwasha injini, Mbwambo alitoa simu, akakaa kwenye kivuli cha bawa, akaegemea gurudumu kama mtu asiye na kazi siku hiyo. Nilidhani anampigia mkewe. "Amahoro, Mama Spesioza," akaanza kwa salamu ya Kirundi. Akauliza watoto. Akauliza maharage. Akauliza mvua imefika wapi, na yule mbuzi aliyevunjika mguu anaendeleaje. Mtu ambaye mimi alinipa maneno mawili! Mwisho ndipo akauliza, "Na habari za uwanja?"

Sauti ya mwanamke ikasikika mpaka nilipokuwa nimesimama. "Nzuri, mwanangu. Nzuri kabisa."

Mimi nikafungua mlango nipande. Mbwambo akanyoosha mkono kunizuia, simu bado sikioni, kimya. Akakaa hivyo kwa muda ambao mimi niliuona wa aibu. Kisha akaanza kuitikia kwa kichwa. "Sawa. Upande gani? Sawa, nimesikia." Hakukata simu hata hapo. Alingoja mpaka ikakatwa upande wa pili.

"Si amesema uwanja ni mzuri?" nikauliza.

"Amesema nzuri. Nzuri ni salamu. Habari yenyewe iko kwenye ila."

Ila ya siku ile ilikuwa shimo la mhanga katikati ya njia ya kutua, limechimbwa usiku wa kuamkia siku hiyo, na Mama Spesioza alikuwa amechomeka tawi la mkaratusi pembeni yake. Tungetua kama nilivyotaka mimi, gurudumu la mbele lingebaki kwenye lile shimo na sisi tungeendelea mbele bila lenyewe.

Mbwambo aliniambia jambo ambalo nimelibeba kazi yangu yote. Sisi watu wa Kiswahili, mtu akiulizwa habari za nyumbani, anajibu nzuri. Hata kama kafiwa. "Habari za nyumbani?" "Nzuri, ila baba tumemzika jana." Huo si uongo, ni adabu. Habari mbaya haitupwi usoni mwa mtu, inatandikiwa mkeka kwanza. Na watu wa huku, Waha na ndugu zao waliotoka ng'ambo ya mpaka, mkeka wao ni mrefu kuliko wetu. "Kwa hiyo subiri ila," akasema Mbwambo. "Hata kama ndege inaungua nyuma yako. Na simu usikate. Akate yeye, ndiyo utajua amemaliza."

Huyo Mama Spesioza nilimwona siku hiyo hiyo. Alivuka mpaka kutoka Burundi akiwa binti, na leo ni raia, analima maharage na mihogo na kuviuza sokoni. Nyumba yake iko pembeni mwa uwanja, na uwanja wenyewe, kusema kweli, ni malisho yaliyonyooka. Kazi yake ilikuwa kuondoa ng'ombe, kukanyaga udongo kwa kisigino baada ya mvua kuona kama unazama, na kutunza soksi ya upepo, ambayo ile ya zamani ilipochanika aliishona upya kwa kitenge chenye picha za samaki. Mtandao wa simu ulikamata mahali pamoja tu, juu ya kichuguu nyuma ya jiko lake. Ukimpigia, ujue yuko juu ya kichuguu, ameshika simu kwa mkono mmoja na fimbo ya ng'ombe kwa mwingine. Alikuwa mkubwa kwangu, akaniita mwanangu tangu siku ya kwanza, na aliponiona nashuka mlango wa rubani alipiga kofi moja. "Yoo! Ni mwanamke! Imana akulinde, mwanangu. Na hizo suruali."

Sasa kuhusu kuruka chini kwenyewe. Mbwambo alikuwa na msemo wake: "Hewa ya chini ina wenyewe." Juu huko ni yako na tai. Chini ni ya watu, na watu hawakai bila kujenga. Wanapanda mikaratusi, na mikaratusi ya huku ukiiacha misimu michache unaikuta imekufika kwenye bawa. Wanasimika minara ya simu na kuifunga kwa nyaya za kuishikilia, na hizo nyaya zinatanda mbali kuliko unavyodhani. Mara moja karibu na Kasulu niliukwepa mnara mpya nikajiona hodari, Mbwambo akaniuliza, "Na kamba zake umeziona?" Sikuwa nimeziona. Nilikuwa nimepita kando yake tu, kwa rehema za Mungu.

Waya hauonekani. Liandikeni hili hata ukutani kama mnataka kubandika kitu. Hata mwenye macho ya mwewe haoni waya akiwa na ndege mkononi. Unachotafuta ni nguzo. Ukiona nguzo moja, iko ya pili, hata kama hujaiona, na kati yake kuna kitu kinachokusubiri. Mabonde ndiyo mabaya zaidi. Nguzo moja imejificha kwenye miti ya ng'ambo hii, nyingine kwenye miti ya ng'ambo ile, na waya umetandikwa juu ya bonde zima pale ambapo wewe unadhani pana nafasi tele. Kwa hiyo kwanza unapita juu, unazunguka, unatazama. Ndipo unashuka.

Kuna lile la ng'ombe. Mnajua tunavyofanya: ukikuta ng'ombe wamejaa uwanjani unapita chini, juu ya uwanja, kwa kelele, wanatawanyika, unapanda, unazunguka, unatua kabla hawajarudi. Sisi tuliita kufagia. Kufagia ni kazi halali na wakati mwingine haina mbadala. Lakini ndiyo saa ambayo macho ya rubani yako kwa ng'ombe, na mbele yake hakuna anayetazama.

Mbwambo alistaafu, akarudi Upareni, akafa kitandani mwake amezungukwa na wajukuu. Kwa rubani wa kazi hii hayo ni mafanikio. Mimi nikawa mkubwa wa marubani wa Kibondo, na siku moja wakaniletea Gervas.

Gervas alikuja wakati kambi ya wakimbizi ya Mtendeli inafungwa na safari zetu nyingi zimegeuka kuwa za vijijini. Alikuwa mtoto wa Nyakitonto, Muha wa Waha, wa kwanza kwao kurusha ndege, na kijiji chake kilikuwa kinaamini serikali imempa ile ndege iwe yake. Alikuwa na mikono mizuri kuliko yangu. Alitua kwenye matope ukadhani anaweka kikombe mezani. Alikuwa na domo pia. Aliniita Kapteni mbele ya watu na Bi Mkubwa nikiwa na hasira, na alijua mpaka wa utani uko wapi, akawa anatembea juu yake makusudi. Nilimpenda kijana yule. Naliandika wazi kwa sababu sikumwambia. Niliona kumsahihisha kila siku kunatosha.

Tuligombana juu ya simu. Yeye alisomea kuongea na redio, maneno machache, pokea, sawa, kwisha. Akimpigia Mama Spesioza alisema, "Mama, uwanja freshi?" na akisikia nzuri anashukuru na kukata. Nikimkemea anacheka.

"Kapteni, mimi ni Muha. Wewe wa Kondoa unanifundisha kuongea na bibi zangu?"

"Bibi zako ungewajua usingewakatia simu."

"Nikingoja mpaka amalize mbuzi na maharage, mgonjwa atakuwa ameshapona mwenyewe."

Watu wote ofisini wakacheka, na mimi nikacheka. Nikiwepo alisubiri, akinikodolea macho na kuhesabu kwa vidole ili nione anavyoteseka. Nikiwa sipo, sijui. Sasa najua.

Siku ile ilikuwa mchana wa masika. Mimi nilikuwa Kasulu, nimeleta daktari na ndege yetu ya pili. Gervas alikuwa Kibondo. Muuguzi wa zahanati ya Kitanga alipiga simu ofisini kwamba yuko mama anaitwa Editha, uchungu umemshika, damu inatoka na haikatiki. Daraja la njia ya Kasulu lilikuwa limechukuliwa na maji. Ilikuwa ndege au kaburi. Gervas hakusubiri kuambiwa mara mbili, na kwa hilo simlaumu hata kidogo.

Yaliyosemwa kwenye simu yake ninayo kwa kinywa cha Mama Spesioza, ambaye amenisimulia mara nyingi na hajawahi kubadilisha neno. Gervas alimpigia injini ikiwa imeshawaka. "Mama, uwanja freshi?" Mama akiwa juu ya kichuguu akajibu kwa ndiyo ya kwao, "Ego, nzuri, mwanangu, nzuri kabisa." Gervas akasema, "Asante mama, nakuja," akakata. Mama akabaki na simu sikioni. Neno lililofuata lilikuwa tayari mdomoni mwake. Alijaribu kumpigia tena na tena lakini Gervas alikuwa ameshaondoka, na simu ya rubani angani ni kipande cha plastiki.

Neno lenyewe lilikuwa hili: ila wameweka waya.

Mafundi wa umeme walikuwa wamefika Kitanga juma lile. Watu walishangilia, hata Mama Spesioza alishangilia, maana alishachoka kuchaji simu kwa mwenye duka. Laini ilivuka bonde pale chini ya uwanja, nguzo ya huku ndani ya mikaratusi, ya kule kwenye ubavu wa kilima. Hakuna aliyewaambia wale mafundi kwamba malisho yale ni uwanja wa ndege. Na sisi hakuna aliyetuambia habari za waya, isipokuwa mwanamke mmoja aliyekuwa ndiyo anaanza kutuambia.

Gervas alifika akakuta ng'ombe uwanjani. Hakuzunguka juu. Alikuja moja kwa moja kutoka upande wa mlima, akafagia kushuka na uwanja, ng'ombe wakakimbia, akavuta pua kupanda juu ya bonde kama tulivyofanya sote mara nyingi. Jua la alasiri lilikuwa usoni mwake. Waliokuwepo wanasema mlio wa waya ulisikika kabla ya mlio mwingine wowote.

Mimi nilipata simu ya muuguzi. "Mama Ndege, ndege imeanguka bondeni. Njoo. Editha bado yuko hapa, bado anatoka damu." Simu ikakatika yenyewe.

Nilisimama pale uwanjani Kasulu na ufunguo wa ndege mkononi. Mwili wangu wote ulitaka kuwasha na kuondoka. Mnielewe hapa, maana ndiyo sababu ya kuandika yote haya. Nilitaka kuondoka hivyo hivyo. Badala yake nilikaa chini, kwenye kivuli cha bawa, nikaegemea gurudumu, nikampigia Mama Spesioza.

"Amahoro, mama."

"Amahoro, mwanangu." Alikuwa anahema.

"Habari za uwanja?"

Wallahi alinijibu, "Nzuri." Ndege imelala bondeni, watu wanapiga mayowe nyuma yake, namsikia mbwa anabweka, na yule mama ananijibu nzuri, kwa sababu ndivyo mtu anavyojibu. Kisha akaanza kulia.

Nikasubiri. Kila sekunde Editha alikuwa anatokwa damu nami nikawa nasubiri mtu amalize kulia. Sijawahi kufanya kazi ngumu kuliko ile, na mikono yangu haikugusa kitu chochote.

"Ila kuna waya, mwanangu," akasema. "Nilitaka kumwambia. Alikata."

"Nimesikia. Uko wapi huo waya?"

"Bondeni, pale mnapotokea. Mmoja umekatika. Mwingine upo. Ila huo uliobaki hauonekani, hata mimi nikiwa chini yake siuoni vizuri."

"Una moto?"

"Hapana, umeme bado hawajawasha. Ila ng'ombe wamerudi."

"Watoeni. Nini kingine?"

"Ila udongo wa upande wa chini umelowa, kisigino kinazama. Wa juu umekauka." Nikasubiri. Akaendelea, "Basi tutafanya hivi. Waya hauonekani, tutasimama chini yake. Ukituona sisi, umeuona."

"Nini kingine, mama?"

Nikasubiri tena, safari hii sana. Nilijua ni nini kilichobaki, na yeye alijua kwamba najua. Hakusema la Gervas, nami sikuuliza. Kisha akakata simu, nikajua amemaliza yale aliyoweza.

Nilifika Kitanga nikapita juu, nikazunguka, nikatazama. Sikuuona waya. Niliwaona watu. Walikuwa wamejipanga kuvuka bonde zima, wanaume, wanawake, wazee, kuanzia mikaratusini mpaka ng'ambo, wengine wamesimama kwenye maji ya kijito mpaka magotini, na kila mmoja ameinua kitenge au shati juu ya fimbo. Mstari mzima wa nguo chini ya kitu kisichoonekana. Ndani ya mstari ule, karibu na kijito, palikuwa na pengo, na kwenye pengo kulikuwa na bawa jeupe. Nililitazama mara moja.

Upande wa bonde ulikuwa umefungwa. Kawaida tunatua kwa kupanda kutoka bondeni na kuruka kwa kushuka kuelekea bondeni. Siku hiyo nilifanya kinyume, nikaingia juu ya mikaratusi ya mlimani, nikashuka na mteremko, breki zikilia, nikasimama kabla ya udongo laini. Sitawaambia ilikuwa raha. Nilimkuta muuguzi ameshafika na Editha kwenye machela ya miti.

Gervas walikuwa wamemtoa. Alilazwa pembeni mwa uwanja, chini ya ile soksi ya upepo, amefunikwa kitenge, na Mama Spesioza ameketi chini kando yake, mkono wake juu ya kitenge. Nilikwenda. Nilifunua, nikamtazama, nikafunika. Sikulia. Kulia kulikuja baadaye na hakujaisha.

Ilikuwa niruke kwa kupanda mlima, kuelekea mikaratusi, na ndege iliyobeba watu. Uzito ni uzito. Nilimchukua Editha na muuguzi. Machela niliiacha. Viti vya nyuma nilivitoa nikaviacha kwenye nyasi. Na Gervas nikamwacha. Mama Spesioza aliniona ninavyomtazama, akasema, "Nenda, mwanangu. Mimi nipo naye." Alikaa naye mpaka gari lilipopata njia ya kuzunguka kutoka Kasulu. Wanasema hakuinuka, hata mvua iliponyesha.

Mikaratusi ile ilipita chini ya magurudumu kwa nafasi ndogo ambayo nisingependa kuipima. Editha alifika Kasulu hai, akajifungua hai. Nimekutana naye sokoni baadaye anachagua dagaa, anagombana na muuzaji juu ya fungu, na nilisimama pembeni nikamsikiliza akigombana, nami nina furaha kubwa moyoni.

Ule waya waliuhamisha. Watu walikuja kutoka mbali kuuliza maswali, wakaandika, wakaondoka. Mimi niliweka sharti moja tu pale Kibondo, ambalo baadhi yenu mmelicheka mkiwa wapya: rubani hakati simu. Aliye chini ndiye anayekata. Methali ya haraka na baraka kila mtoto anaijua, na sijaona rubani hata mmoja iliyemwokoa. Simu isiyokatwa imeshaokoa watu ninaoweza kuwataja.

Mama Spesioza aligeuka. Tangu siku ile aliacha kabisa kujibu nzuri. Ukimsalimia sokoni, "Habari za asubuhi, mama?" anajibu, "Ila mgongo unauma, ila kuku wawili wameibiwa," na anaishia hapo. Watu mwanzoni waliona amekosa adabu, wengine wakasema akili imemruka. Padri alijaribu kuzungumza naye, akamsalimia, akaambiwa ila paa la kanisa linavuja. Sisi marubani ilitufaa. Kwenye simu alitupa ila moja baada ya nyingine, kavu, hana mkeka: ila ng'ombe, ila baiskeli imeachwa, ila mti wa Bwana fulani umerefuka, njooni mkate. Nilimwambia siku moja, "Mama, unaweza kuanza na nzuri, mimi nitasubiri." Akasema, "Wewe utasubiri. Mwingine je?"

Safari yangu ya mwisho ilikuwa ya Kitanga, kupeleka chanjo, kama ile ya kwanza. Niliomba iwe hiyo. Nilikaa kwenye kivuli cha bawa, nikaegemea gurudumu kwa shida, maana magoti haya si yale. Rubani kijana aliyekuwa nami, mmoja wenu, anajijua, alisimama na mkono kwenye mlango.

"Amahoro, Mama Spesioza."

"Amahoro, Mama Ndege. Wamesema leo ndiyo unaaga."

"Ndiyo, mama. Watoto hawajambo? Maharage?" Tukayamaliza hayo yote, bila haraka. Kisha nikauliza, "Na habari za uwanja?"

Nikangoja ng'ombe na baiskeli. Lakini akasema, "Nzuri."

Sikuwa nimelisikia neno hilo kinywani mwake tangu siku ile. Kijana wangu akaanza kufungua mlango. Nikanyoosha mkono kumzuia. Upande wa pili nilisikia upepo wa juu ya kichuguu, na pumzi ya mtu mzee.

"Nzuri kabisa, mwanangu," akasema. "Uwanja umekauka. Ng'ombe hakuna. Waya hakuna." Nikasubiri. "Ila Gervas hayupo."

"Nimesikia, mama," nikasema.

Nilikaa na simu sikioni mpaka alipokata yeye.